Jasho limepata mkalimani, lakini tafsiri yake tuichunguze

Mwezi uliopita nilipigiwa simu na mwalimu mmoja wa shule ya upili katika kaunti ya Kilifi. Nilimfunza isimu miaka kadhaa iliyopita, na tangu ahitimu hanitafuti ila ametatizwa na neno. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuulizana hali za watoto, akanieleza haja yake. "Mwalimu, nina karatasi ya kutafsiri. Maneno yenyewe ni ya sayansi, na kamusi zangu zote zimenitupa."

Karatasi ilikuwa ya mfanyabiashara aliyefika shuleni akiuza kibandiko chembamba, mfano wa plasta ya kidonda, ambacho hubandikwa kwenye mkono wa mwanariadha. Ndani yake mna elektrodi ndogo zinazosoma chumvi iliyomo katika jasho, kisha nambari zikarushwa hadi kwenye simu ya mkononi. Shule ilitaka wazazi waisome habari hiyo kwa Kiswahili kabla ya kuombwa mchango.

Ningeifanya kazi hiyo kwa saa moja na kuisahau, lau si jambo alilonisimulia kabla hatujaagana. Mwaka jana msichana mmoja wa timu yake ya mbio za nyika alianguka mazoezini. Siku hiyo jua lilikuwa kali, na kila mtu alikuwa amemhimiza anywe maji, akanywa chupa baada ya chupa, kabla ya kukimbia, njiani na hata baada ya kumaliza. Alianza kwa kutapika, akafuatisha maneno yasiyoeleweka, kisha akashikwa na degedege. Waliokuwapo walidhani amekaukiwa, wakajaribu kumwongeza maji. Hospitalini iligunduliwa kwamba sodiamu katika damu yake ilikuwa imeshuka mno. Maji yalikuwa yamemzidi. "Yeye alipona, mwalimu," akaniambia, "lakini mimi bado sijapona." Ndiyo sababu kibandiko kile kilimvutia. Alitaka chombo cha kumwonya kabla mtoto mwingine hajaanguka.

Basi niliiketia karatasi ile kwa makini nisiyoipa karatasi za biashara kwa kawaida. Na ninawaomba walimu na wanafunzi wanaosoma safu hii wastahimili kidogo nikianzia mbali, maana mtu wa isimu hana pengine pa kuanzia ila kwenye neno.

Neno kuu katika karatasi ile lilikuwa ioni. Wapo wanaosononeka kwamba Kiswahili hakina neno "lake" la ioni. Mimi sisononeki hata kidogo, kwa kuwa Kiingereza nacho hakikuwa nalo. Mwaka wa 1834 Michael Faraday, mwana wa mhunzi ambaye hakupata elimu kubwa ya shule wala hakujua Kiyunani, alikuwa akipitisha umeme katika miyeyusho ya chumvi, akaona kuna vitu vinavyosafiri kuelekea kila upande. Hakuwa na la kuviita. Akamwandikia barua William Whewell, msomi wa Cambridge, amsaidie kupata maneno, na katika barua hizo yakazaliwa anodi, kathodi na ioni. Ioni kwa Kiyunani ni "kiendacho". Kwa hiyo neno hilo lilikuwa geni kwa Waingereza kama lilivyo geni kwetu, nao walilikaribisha wakalipa kiti. Twaweza kufanya vivyo hivyo bila kuona haya.

Na hizo ioni zenyewe si ngeni jikoni mwetu. Alama ya sodiamu katika vitabu vya kemia ni Na, na mwanafunzi huikariri bila kuambiwa imetoka wapi. Imetoka katika natrium, jina lililotoholewa kutokana na natruni ya Waarabu, yaani chumvi iliyookotwa tangu zamani katika mabonde makavu ya Misri. Ndugu wa karibu wa chumvi hiyo ni magadi yetu, yale yanayolainisha maharagwe na kutiwa katika ugoro, ambayo yamelipa jina Ziwa Magadi. Alama ya potasiamu, K, nayo imetoka katika kalium, ambalo mzizi wake ni neno la Kiarabu la majivu ya mimea. Mama wa Magharibi mwa Kenya anayechuja maji ya majivu ili alainishie mboga anachuja potasiamu. Mwalimu wa kemia anayeanza somo la ioni kwa magadi na majivu atakuwa ameanza mahali ambapo watoto wamekwisha kufika.

Sasa tukiingie chombo chenyewe. Kazi ya elektrodi za aina hii ni kutambua ioni moja katikati ya umati wa ioni nyingine. Siri yake imo katika utando mwembamba wa plastiki uliotiwa molekuli maalumu. Kwa potasiamu aghalabu hutumiwa valinomisini, kitu kinachotengenezwa na bakteria wa udongoni. Umbo lake ni kama bangili, na tundu la bangili hiyo lina ukubwa wa kuikumbatia ioni ya potasiamu barabara. Ioni ya sodiamu ni ndogo zaidi. Haikai sawasawa humo, hupwaya. Katika miaka ya 1960 watafiti wa Uswisi, Wilhelm Simon akiwa miongoni mwao, walionyesha kwamba utando wenye molekuli za namna hii huichagua ioni moja na kuzipuuza nyingine kwa tofauti kubwa ajabu. Sodiamu nayo ina molekuli zake za kuikumbatia.

Ioni zinapopenya utandoni huzalisha tofauti ndogo ya umeme baina ya elektrodi hiyo na nyingine isiyobadilika iliyowekwa kando yake. Tofauti hiyo ndiyo inayosomwa. Kanuni yake aliitoa Mjerumani Walther Nernst mwaka wa 1889: kwa ioni yenye chaji moja, katika joto la nyuzi 25, kila wingi wa ioni unapozidishwa mara 10, umeme hubadilika kwa takriban milivolti 59. Naomba wanafunzi waikumbuke nambari hiyo, kwani nitairudia.

Kwa muda mrefu elektrodi hizi zilikuwa vyombo vya mezani, vya kioo na vya bei. Kuzifanya ziwe nyembamba, zipindike na ngozi na zistahimili mtu akikimbia, ni kazi ya miaka ya karibuni. Mwezi Januari mwaka wa 2016, Wei Gao, Ali Javey na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha katika jarida la Nature habari za ukanda unaofungwa mkononi au kichwani, ambao ulipima kwa pamoja sodiamu, potasiamu, glukosi na asidi ya lakti katika jasho, pamoja na joto la ngozi, mvaaji akiendesha baiskeli. Joto lilipimwa kwa sababu maalumu: nambari zile nyingine hupotoka joto linapobadilika, hivyo ni lazima zirekebishwe papo hapo. Tangu hapo maabara nyingi zimefuata njia hiyo, na biashara nayo haikukawia.

Hadi hapo sina ugomvi na mtu. Ni ufundi wa kustaajabiwa, na sioni kwa nini kijana wa Kilifi asiustaajabie.

Ugomvi wangu ulianza nilipoishika kalamu kutafsiri. Sentensi ya kwanza ya karatasi ile ilisema kibandiko hupima sodiamu katika jasho. Nikaitafsiri bila taabu. Aya mbili baadaye ikasemwa kwamba kibandiko huonyesha hali ya chumvi mwilini. Nikasita kidogo, lakini nikaandika. Mwishoni kabisa, kwa herufi nene, msomaji akaambiwa kwamba sasa anaweza kujua kilichomo katika damu yake pasipo sindano. Hapo nikaiweka kalamu chini. Sentensi tatu, chombo kimoja, na vipimwa vitatu: jasho, mwili, damu. Mwandishi alikuwa ametuvusha mto mara mbili bila kutuonyesha daraja.

Je, daraja lipo? Tulitazame. Jasho hutoka katika damu, hilo ni kweli. Chini kabisa ya tezi ya jasho majimaji huwa na sodiamu inayokaribia ile ya damu. Lakini kabla hayajafika juu ya ngozi hupita katika kifereji chembamba, na kuta za kifereji hicho huirudisha mwilini sehemu kubwa ya sodiamu. Jasho likienda polepole, kuta zina wasaa wa kufanya kazi yao, na jasho hutoka likiwa na chumvi haba. Likienda kasi, chumvi nyingi huponyoka. Kwa hiyo mwanariadha yule yule, akiwa na damu ile ile, atatoa nambari moja akitembea na nambari nyingine akikimbia. Isitoshe, mwili uliozoea joto hujifunza kuiweka akiba chumvi yake: jasho la mtu aliyezoea hari huwa na sodiamu kidogo kuliko lilivyokuwa kabla hajazoea. Kijana aliyekulia Malindi na mgeni aliyewasili jana kutoka nchi ya baridi hawawezi kusomewa jedwali moja.

Turudi sasa kwenye milivolti 59. Sodiamu katika damu ya mtu mzima mwenye afya huwa kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita. Ukiikokotoa tofauti hiyo kwa kanuni ya Nernst utapata kwamba kutoka ukingo mmoja wa afya hadi mwingine ni chini ya milivolti 2. Katika jasho, sodiamu yaweza kuwa milimoli 10 kwa mtu huyu na 90 kwa yule, tofauti ya zaidi ya milivolti 55. Nawasihi walimu wa hesabu waufanye mfano huu wa logarithimu ubaoni. Elektrodi ikiteleza kwa milivolti moja tu, jambo ambalo si ajabu kwa kitu kilichobandikwa kwenye ngozi yenye jasho, kosa lake ni takriban asilimia 4. Kwa mtu anayeuliza habari za jasho, kosa hilo linavumilika. Kwa mtu anayetaka kukisia damu, kosa hilo limemeza zaidi ya nusu ya nafasi yote iliyopo baina ya kingo mbili za afya, na hapo bado hatujaitaja ile kasi ya jasho.

Yaani kibandiko si mwongo. Kinasema kweli kuhusu jasho. Mwongo ni yule anayekifasiria.

Wala nisieleweke kwamba jasho halina la maana la kusema. Mahali pamoja limesema, na watoto wengi wametambuliwa ugonjwa wao kwa sababu hiyo. Kuna ugonjwa wa kurithi ambao huyajaza mapafu na kongosho ute mzito. Ulaya ya kale ilikuwa na imani kwamba mtoto ambaye paji la uso wake lina ladha ya chumvi ukimbusu hataishi sana. Mwaka wa 1948 jiji la New York lilikumbwa na wimbi la joto, na daktari Paul di Sant'Agnese akatambua kwamba watoto wenye ugonjwa huo ndio waliokuwa wakizidiwa na hari. Uchunguzi uliofuata, uliochapishwa mwaka wa 1953, ulionyesha kwamba jasho lao lina chumvi kupita kiasi. Mwaka wa 1959 Lewis Gibson na Robert Cooke wakaeleza namna ya kulitoa jasho kwa dawa inayosukumwa ngozini na umeme mdogo, na kipimo hicho kingali msingi wa utambuzi hadi leo: kloridi ikifika milimoli 60 kwa lita au zaidi, daktari ana sababu kubwa ya kuutambua ugonjwa huo. Kwa nini hapa jasho laaminika? Kwa sababu ugonjwa wenyewe umo katika ule mlango wa chembechembe za mwili ambao ioni ya kloridi hupitia, na kifereji cha jasho kina mlango huo huo. Swali linahusu kifereji, na jibu latoka kifereji hicho hicho. Hakuna mto wa kuvuka.

Sasa nimrudie msichana wa Kilifi. Je, angevaa kibandiko kile siku ile, kingemwonya? Sioni kingemwonyaje. Kilichoshuka ni sodiamu ya damu, nayo ilishuka hasa kwa maji aliyoyanywa kuzidi yale mwili ulioweza kuyatoa. Jasho lake lingeweza kusoma nambari yoyote ya kawaida huku damu ikizidi kuwa chepechepe. Hatari kubwa zaidi ni kwamba mwalimu, akiiona nambari ya kutuliza kwenye simu, angemwongeza chupa nyingine kwa moyo mkunjufu.

Jambo hili lilichunguzwa. Katika mbio za marathoni za Boston mwaka wa 2002, watafiti walichukua damu za wakimbiaji 488 walipomaliza. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2005: asilimia 13 walikuwa na sodiamu iliyoshuka kupita kiwango cha afya, na wachache wao walikuwa katika hatari ya kufa. Dalili iliyowatofautisha zaidi na wenzao ilikuwa uzani. Walimaliza mbio wakiwa wazito kuliko walivyoanza, maana yake walikunywa kuliko walivyotoa. Na vinywaji vyenye chumvi vya wanamichezo havikuonekana kuwakinga.

Chombo cha kulitambua hilo ni mizani. Mizani ya kawaida ya kupimia watu, ambayo shule ile inayo, imesimama katika chumba cha muuguzi. Mkimbiaji hupimwa kabla na baada. Akipungua kidogo ni kawaida. Akirudi vile vile au mzito, asinyweshwe zaidi, na akianza kutapika au kuchanganyikiwa akimbizwe hospitalini. Wala simwambii mtu ayaogope maji, kwani joto la pwani nalo huua; anywe kiu inavyomtuma, asinyweshwe kwa amri ya filimbi.

Wapo watu ambao mimi mwenyewe ningependa chombo cha ioni kiwafikie upesi. Wagonjwa wa figo ni wa kwanza. Kwao potasiamu ikipanda katika damu moyo waweza kusimama ghafla, na kati ya kipimo kimoja na kingine wanaishi kwa kukisia. Kwa ajili yao watafiti wanajaribu visindano vifupi mno visivyofika kwenye mishipa, vinavyosoma majimaji yaliyo chini ya ngozi, ambayo ni jirani wa karibu wa damu kuliko jasho. Huko daraja lipo, ingawa bado linajengwa. Wakata miwa ni wa pili, hawa wanaofanya kazi ya sulubu juani kutwa nzima. Katika nchi za Amerika ya Kati, kama vile El Salvador na Nikaragua, wakata miwa wengi wamepatwa na maradhi ya figo yasiyotokana na kisukari, na joto la kazini limo miongoni mwa mambo yanayotuhumiwa.

Lakini hapo hapo nina shaka yangu. Kiswahili kina msemo wa kula jasho la mtu, na sikutarajia kwamba katika maisha yangu ungepata maana ya pili. Kibandiko kinapeleka nambari kwenye simu. Simu inazipeleka kwingine. Mwajiri anaweza kuzitumia ili amjue mfanyakazi "dhaifu". Mfanyabiashara anaweza kuziuza. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka wa 2019 inaihesabu habari ya afya ya mtu kuwa nyeti, na inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kushughulikiwa. Katika karatasi ile niliyotafsiri sikuliona hata neno moja kuhusu jasho la watoto wale litakwenda wapi baada ya simu ya mwalimu.

Lilibaki suala la jina. Rafiki yangu alikuwa amependekeza "kihisi", neno lililokwisha kuenea na lisilo na kosa la kisarufi. Mimi sikulitaka katika karatasi hii. Kuhisi hakudai shamirisho. Mtu aweza kusema "ninahisi" akanyamaza, na msikilizaji akajaza apendacho. Kiswahili kina muundo mwingine wa zamani na wa kutegemewa: kipimajoto, kipimamvua, kipimapembe. Katika muundo huu kitenzi hakikubali kwenda peke yake. Ni lazima kibebe kile kinachopimwa, la sivyo neno halikamiliki. Nikakiita chombo kile kipimajasho, kila mahali kilipotajwa, kuanzia sentensi ya kwanza hadi ile ya herufi nene. Nilipofika hapo, sentensi yenyewe ilikataa kusimama. "Kwa kipimajasho hiki utajua kilichomo katika damu yako": hata mzazi ambaye hakuliona darasa la kemia atauliza imekuwaje.

Niliirudisha karatasi ikiwa na tafsiri yote isipokuwa sentensi hiyo, nikaeleza pembeni kwa nini nimeiacha. Mfanyabiashara, nimeambiwa, aliichukua nakala yake na kuahidi kuwasiliana na wakubwa wake, na hadi ninapoandika haya hajarudi.

Mwalimu wangu naye alinipigia simu tena Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi, nikisikia kelele za uwanjani nyuma yake. Alikuwa ameitoa mizani ya muuguzi akaiweka kivulini, chini ya mwembe. Akanisomea uzani wa wakimbiaji wake 11, kabla na baada. Tisa walikuwa wamepungua. Wawili walikuwa wamerudi wazito kuliko walivyoondoka, na mmoja wao alikuwa bado ameshika chupa.